Mkusanya ushuru aliyewahi kugoma kulipa

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu haujaachia migomba ya Mugalika, na Verediana Ntirampeba ameshalipisha watu kumi na wawili. Anapita katikati ya mafungu ya nyanya na magunia ya unga wa muhogo, mashine ya kukusanyia ushuru ikining'inia shingoni kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai. Kila akibonyeza, mashine inalia kidogo na kutoa karatasi nyembamba.

"Mwakeye, mama," anamsalimu muuza mawese kwa Kiha.

Mama yule anaitikia, anafungua fundo la kanga na kutoa sarafu ya shilingi mia tano. Verediana hampi risiti hivi hivi. Anaisoma kwanza kwa sauti: tarehe, kiasi, jina la gulio. Ndipo anamkabidhi.

Hatua tatu mbele, Lukmani, muuza dagaa na chumvi, anamwona akija na kugeuza uso.

"Dada, sijauza hata kikombe kimoja. Unanitoza nini, baridi?"

"Nitarudi saa nne."

"Saa nne utanikuta na maneno yale yale."

"Basi nitakuja kuyasikiliza," anajibu Verediana, na kupita.

Mugalika ni kijiji cha vilimani, kilomita chache kutoka barabara kuu iendayo Kasulu na Kibondo. Gulio lake hukutana Jumanne na Jumamosi. Malori ya maharage hupakia hapa kwenda Kibondo na hata maduka ya karibu na kambi ya wakimbizi ya Nduta. Verediana, mwenye umri wa miaka 41 na watoto watatu, ndiye anayelipisha ushuru kila anayepanga bidhaa chini. Hana mshahara. Anapata asilimia kumi ya anachokusanya, na siku ya gulio zuri hiyo ni kama shilingi elfu nane.

Wanaomfahamu wanasema hakuna aliyetarajia kumwona na mashine ile. Maana Verediana alijulikana kijijini kwa jambo moja tu: aliwahi kukaa kutwa nzima kwenye kizuizi cha mazao, akikataa kulipa.

Ilikuwa mwaka 2018. Wakati huo alikuwa mfanyabiashara mdogo wa maharage. Yeye na mumewe, Theonest, walikodi guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, kupeleka magunia manne Kasulu, ambako mnunuzi alikuwa akiwasubiri. Kwenye kizuizi wakasimamishwa na kuambiwa watoe shilingi elfu nane.

"Nikasema sawa, naomba risiti," anakumbuka. "Yule mtu akaniambia risiti zimeisha. Nikamwambia basi na hela yangu imeisha."

Theonest alitaka walipe waondoke. Dereva wa guta naye alikuwa akihesabu muda. Verediana akashuka, akaketi juu ya gunia na kukunja mikono. Saa tatu ikawa saa sita, saa sita ikawa saa tisa. Vijana wa kizuizi walimkejeli, kisha wakamsahau.

"Sikuwa jasiri," anasema. "Nilikuwa na hasira tu. Nilikuwa najiuliza, huyu ananidai kwa haki gani? Mwizi na mtoza ushuru wote wanasema toa. Tofauti yao ni nini? Nilikaa pale nikitafuta hiyo tofauti."

Jioni alipita bwana shamba kwa pikipiki. Aliuliza kuna nini, akahesabu magunia, kisha akawaambia wale vijana kwamba mzigo usiofika tani moja hautozwi ushuru wa mazao, na wao wanalijua hilo. Kamba ya kizuizi ikashushwa.

Walifika Kasulu giza limeingia. Mnunuzi alikuwa ameondoka. Kesho yake waliuza kwa bei ya kutupa, na hasara ikapita mara tatu ya zile elfu nane.

"Theonest aliniuliza, umeshinda nini?" anasema. "Lakini nilikuwa nimejua jambo ambalo sikulijua asubuhi yake. Kumbe kuna kilichoandikwa. Kumbe hata anayedai ana mpaka wake."

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuuliza. Kwenye mikutano ya kijiji alinyoosha mkono mpaka wenyeviti wakajifanya hawamwoni. Aliwaambia wanawake wa gulioni wasitoe hata shilingi bila risiti. Kwa hiyo mwaka 2022, ushuru ulipoanza kukusanywa kwa mashine na kijiji kikatakiwa kipendekeze mtu, mtendaji wa kijiji, Japhet, alisimama na kulitaja jina lake.

Japhet ni mwenyeji wa Njombe aliyepangiwa kazi Mugalika. Anasema alikuwa na sababu rahisi. "Nilijiuliza, nani hapa hataweza kula hela bila kelele? Nikaona ni yule anayepiga kelele."

Verediana alikubali baada ya wiki mbili za kusita. Alidhani ameshapata jibu la swali lake la kizuizini: tofauti ya mwizi na mtoza ushuru ni risiti. Miezi saba baadaye aligundua kwamba jibu hilo halitoshi.

Machi 2023 mvua zilikuwa nyingi na wauzaji walikuwa wachache. Makusanyo yalishuka. Msimamizi wake wa halmashauri alimpigia simu na kumwambia akipeleka pungufu tena, atatafutwa mwingine. Akamkumbusha pia kwamba asiyelipa bidhaa yake huzuiwa ofisini mpaka alipe.

Jumanne hiyo, Bibi Mwajabu, mjane wa miaka 67 anayeuza nyanya, alikataa kulipa. Hakusema hana. Alisema tu, "Leo sitoi."

"Nikamwambia, bibi, nitalichukua beseni," anasimulia Verediana. "Akanitazama. Akasema, lichukue."

Akalichukua. Alilibeba kichwani, likiwa limejaa nyanya, akapita nalo gulio zima hadi ofisi ya kijiji, mita mia mbili. Anasema hajawahi kubeba mzigo mzito namna ile, na yeye amebeba magunia.

Bibi Mwajabu hakuondoka. Alibaki ameketi pale pale, miguu ameinyoosha, mbele yake hakuna kitu ila alama ya mviringo iliyoachwa na beseni kwenye tope. Wanunuzi walikuja, wakatazama, wakauliza, wakaambiwa. Hakulia wala hakulalamika. Alikaa hivyo mpaka saa tisa alasiri.

Saa tisa Verediana akashindwa. Alichukua mia tano yake mwenyewe, akabonyeza mashine, akalirudisha beseni pamoja na risiti. Nyanya za juu zilikuwa zimeshaanza kulegea.

"Nani kalipa?" aliuliza bibi.

"Nimelipa mimi, bibi. Yaishe."

"Basi hiyo si ushuru, mwanangu. Hiyo ni sadaka. Na mimi sadaka sikuomba."

Alijitwika beseni na kwenda zake. Risiti aliiacha chini.

Gulio la Jumamosi iliyofuata, Verediana alipita na mashine watu wakilipa bila kumtazama. Alipotaka kununua nyanya za nyumbani, kila aliyemwendea alisema zake zimeshalipiwa na mtu mwingine. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Bintiye mkubwa, Yusta, alimuuliza watakula mboga gani, naye akamjibu kwamba leo watakula maharage.

Aliyemwambia ukweli ni Lukmani. Jumamosi hiyo hiyo, kabla Verediana hajaondoka gulioni, alimfuata alipokuwa akifunga hesabu za siku.

"Dada, wewe ndiye ulitufundisha kudai risiti," alimwambia. "Juzi umetufundisha nini?"

"Ningefanyaje, Lukmani? Sheria inaruhusu."

"Na kule kizuizini, kama wangekuwa na kitabu cha risiti, ungelipa?"

Verediana anasema alilitafuna swali hilo njia nzima. Kama wangekuwa na risiti, pengine angelipa, na angelipa bila kujua analipia nini. Alifikiria hospitali ya Kabanga, alikojifungulia mtoto wake wa mwisho. "Kabanga ukilipa unapewa dawa mkononi," anasema. "Unaona nimetoa hiki, nimepata hiki. Ushuru haukupi kitu mkononi. Unaambiwa tu kwamba kipo. Sasa mtu asipokiona, halafu ukamnyang'anya beseni, utamwambiaje kwamba wewe si yule wa kizuizini?"

Jumatatu alikwenda kwa Japhet na mashine mkononi. Alimwambia ataendelea na kazi kwa sharti moja: mtendaji aitishe mkutano wa wauzaji na awaambie hela inakwenda wapi. Japhet alikuna kichwa. Anakiri kwamba yeye mwenyewe hakuwa anajua vizuri.

Mkutano ulifanyika Jumatano, katika darasa la shule ya msingi. Walikuja kama watu tisini, wengi wakiwa wanawake. Japhet alianza kwa kueleza kwamba ushuru unasaidia maendeleo. Hakufika mbali. Bibi Mwajabu alinyanyuka kutoka dawati la nyuma, akasogea mpaka mezani, akafungua fundo la kanga yake na kumimina rundo la karatasi.

"Hizi zangu," alisema. "Nimezitunza zote, isipokuwa moja. Mimi sikusoma. Nisomee."

Japhet aliokota ya kwanza. Akaigeuza. Akaokota ya pili, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Karatasi za mashine zile hufutika zikikaa kwenye joto na jasho, na za bibi zilikaa kiunoni mwake miezi saba. Nyingi zilikuwa nyeupe tupu.

"Bibi, hii haina kitu."

"Siku nimelipa ilikuwa na kitu," alijibu.

Darasa zima likacheka. Japhet anasema alibaki ameshika kipande cheupe, hajui akiweke wapi.

"Nikawaambia ukweli wangu," anasema mtendaji huyo. "Kwamba mimi kodi yangu inakatwa kwenye mshahara kabla sijauona mshahara wenyewe. Sijawahi kugoma, sijawahi kuuliza, kwa sababu sijawahi kuishika. Yule bibi anaishika mkononi kila Jumanne na Jumamosi, halafu anaitoa. Ndiyo maana yeye anauliza na mimi siulizi. Niliona haya."

Aliahidi kuleta hesabu zilizobaki ndani ya mfumo wa mashine, ambazo hazifutiki. Wiki mbili baadaye alibandika karatasi kwenye mlango wa ofisi. Kwa wastani, watu 110 walilipa kila siku ya gulio. Kwa magulio 104, kwa kadirio la mwaka, ilikuwa shilingi milioni tano na laki saba na elfu ishirini.

Watu walisimama mlangoni wakiitazama tarakimu ile. Kila mmoja alikuwa akijua mia tano yake. Hakuna aliyewahi kuona mia tano za wote zikiwa mahali pamoja.

Wakauliza zimekwenda wapi. Japhet alieleza alivyoweza: fedha zote zinaingia kwenye mfuko mmoja wa halmashauri, zinachanganyika na za magulio mengine, zinatoka zikiwa madawati, mafuta ya gari la wagonjwa, posho, matengenezo ya barabara. Hawezi kuonyesha kwa kidole kwamba mia tano ya fulani ni dawati fulani.

"Kwa hiyo hela yangu iko kila mahali na haiko popote," alisema Lukmani.

Lakini katika kuuliza huko kwenye ofisi za halmashauri, Japhet alikuwa amegundua jambo jingine. Kijiji kingeweza kuomba sehemu ya makusanyo irudi kutengeneza gulio, mradi mkutano wa kijiji ukae, ukubaliane na kuandika. Mugalika haikuwahi kuandika. Hapakuwa na barua iliyokataliwa, kwa sababu hapakuwa na barua.

"Hapo ndipo niliposikia aibu yangu na mimi," anasema Verediana. "Miaka yote nauliza watu wengine. Sikuwahi kuuliza sisi tumeomba nini."

Hawakubishana wataomba nini. Gulio halikuwa na choo. Wanaume waliingia migombani. Wanawake walikuwa na utaratibu wao, ambao Verediana anausimulia kwa sauti ya chini: siku ya gulio hawanywi maji tangu alfajiri mpaka jioni. Bibi Mwajabu alikuwa akiomba choo kwenye nyumba iliyo jirani, na siku nyingine alikuta mlango umefungwa.

Barua iliandikwa Mei 2023. Jibu lilikuja baada ya miezi minane: fedha za vifaa zitatolewa, kijiji kichangie mawe, mchanga na nguvu kazi. Lukmani aliposikia hivyo alisimama mkutanoni.

"Tunalipa ushuru, halafu tunabeba mawe. Hiyo si kulipa mara mbili?"

Lakini siku ya kazi ilipofika alikuwa wa kwanza mtoni, na alibeba mawe mpaka akapasuka kiganja. Akiulizwa leo kwa nini, anapanga vikombe vyake vya dagaa kwanza ndipo ajibu.

"Mawe nilibeba kwa kupenda. Ningeweza kukaa nyumbani na hakuna ambaye angenifuata. Ushuru sina ruhusa ya kukaa nyumbani. Choo ni kizuri, nakitumia, nashukuru. Ila mtu asiniambie kwamba nilinunua. Anayenunua anaweza kusema sitaki."

Verediana, aliyesimama karibu, anatikisa kichwa taratibu. "Ana hoja," anasema. "Lakini nami namuuliza, kama kila mtu angengoja apende, lile tundu la nne la choo lingechimbwa? Watu tisini waliupigia makofi mpango ule. Waliokuja kuchimba walikuwa thelathini na mmoja. Niliwahesabu."

Lukmani anacheka. "Na mmoja wao mimi."

"Na mmoja wao wewe. Wale wengine wanaingia humo humo."

Choo cha matundu manne kilifunguliwa Agosti 2024, mawili ya wanawake na mawili ya wanaume. Siku ya kwanza wanawake walipanga mstari hata wasiohitaji, ili wakione ndani. Wastani wa wanaolipa sasa umefika 160 kwa gulio, na tangu Machi ile Verediana hajachukua beseni la mtu. Alimwambia msimamizi wake kwamba akitaka mabeseni yazuiwe, aje ayabebe mwenyewe. Makusanyo yalipoanza kupanda, msimamizi hakulirudia tena suala hilo.

Na Bibi Mwajabu? Alirudi kulipa Jumanne ya kwanza baada ya mkutano wa shuleni, kabla hata ya barua kuandikwa. Verediana alimuuliza kwa nini siku ile alikataa, na hela alikuwa nayo.

"Nilitaka kuona utafanya nini," bibi alimwambia. "Ulikuwa ukisema tuulize. Mimi maneno sina. Niliuliza kwa kukaa."

Sasa hivi, saa nne na dakika chache, jua limetoka na gulio limejaa. Lukmani amelipa, akinung'unika. Verediana anavuta kigoda na kueleza jambo linalomkosesha raha siku hizi. Anataka kupeleka pendekezo kwenye mkutano wa kijiji ujao ili lifike kwa madiwani, wenye uwezo wa kubadili sheria ndogo. Anataka mtu ambaye bidhaa zake zote zinaenea kwenye beseni moja asitozwe kabisa.

"Muuza nyanya wa beseni moja akiuza sana anarudi na elfu tatu, nne," anasema. "Mia tano kwake na mia tano kwa mwenye magunia kumi si kitu kimoja. Watu kama hao hapa ni hamsini hivi. Nikiwaondoa, posho yangu inashuka kutoka elfu nane hadi elfu tano na mia tano. Theonest ananiambia nimerogwa. Lakini nikilala naona ndilo la haki."

Alidhani wa kwanza kumuunga mkono angekuwa Bibi Mwajabu. Anamwita asogee, amweleze mwandishi wa makala hii yeye mwenyewe.

"Shikamoo, bibi," mwandishi anamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Bibi anaketi, anajifuta mikono. Ameshalisikia pendekezo hilo, na anasema atasimama mkutanoni kulipinga.

"Mimi sitaki kusamehewa," anasema. "Siku ile shuleni nilikwenda mpaka mezani kwa mtendaji. Nilikwenda kwa miguu ya nini? Ya zile karatasi. Nisingekuwa nimelipa, ningekaa nyuma nikasikiliza wanaume wenye magunia wakisema. Wapunguze, sawa. Mia mbili, sawa. Lakini wakiniondoa kabisa kwenye mashine, kesho nitauliza kama nani?"

Verediana anamtazama bibi, kisha mashine, kisha bibi tena. Inaonekana wameshabishana hivi mara nyingi, na hakuna aliyehama.

"Nitayapeleka yote mawili," anasema hatimaye. "Langu na lake. Watu waamue. Ila sijui mimi mwenyewe nitanyoosha mkono upande gani."

Mkutano umepangwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Bibi Mwajabu ameshamwomba mjukuu wake amwandikie jina kwenye orodha ya wasemaji, na amesisitiza liwe la kwanza.